Mtoto Asiyepata Kizunguzungu

Kwetu Unyamwezini wazazi wa pacha hawahangaiki kutafuta majina. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada ya pacha ni Shija. Kwa hiyo tukisema "sisi" katika makala hii, tunamaanisha Kulwa na Doto, na tukisema "mdogo wetu" tunamaanisha Shija. Tumeandika pamoja kwa sababu kosa tunalolisimulia tulilifanya pamoja, na hakuna kati yetu anayekumbuka ni nani aliyefungua mdomo kwanza.

Wengi wenu hapa klabuni mnajua kwamba tulikulia Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli. Tulihamia huko tukiwa wadogo, Mama alipoanza biashara ya mabegi na viatu vya kupeleka Kariakoo. Sanyuanli iko kaskazini ya stesheni kuu ya treni. Laini ya pili ya metro ilipofunguliwa mwezi Desemba 2002, Sanyuanli ndiyo ilikuwa kituo chake cha mwisho upande wa kaskazini. Kando ya barabara ya Guangyuan Xi kuna majengo ya jumla ya ngozi, mabegi na nguo, ghorofa juu ya ghorofa, na humo ungewakuta watu wa Lagos, Bamako, Kinshasa, Kampala na Dar es Salaam wakibishana bei kwa kalkuleta. Nyuma ya majengo hayo kuna vichochoro vyembamba, na kuna hekalu la zamani ambako wanakijiji walikutana mwezi Mei 1841 kujipanga dhidi ya askari wa Kiingereza, wakati wa Vita vya Kwanza vya Kasumba. Siku hizi ni makumbusho. Walimu wetu wa shule ya msingi walitupeleka pale, tukasimama mstarini na skafu zetu nyekundu, Wanyamwezi wawili wa Sanyuanli.

Mama alijua Kichina cha sokoni: namba zote, rangi zote, "ghali mno", "punguza", "mzigo utakuwa tayari lini". Kilichobaki tulikisema sisi. Tulimsemea kwa mwenye nyumba, benki, na kituo cha polisi cha mtaa tulikokwenda kuandikisha makazi. Tulikuwa na miaka tisa. Wenzetu mliokulia Leicester, Minneapolis au kwingineko mnaijua kazi hii. Mtoto anasimama katikati ya watu wazima wawili, kimo chake ni cha meza, na maneno yote yanapita kinywani mwake.

Shija alikuwa na miaka minne. Alichelewa kukaza shingo, akachelewa kukaa, na alitembea akiwa na miezi ishirini na moja. Bibi aliambiwa kwa simu, akasema watoto wa kiume ni wavivu wa miguu. Alianguka mara nyingi, hasa usiku kwenye ngazi ambako taa ya kuwaka kwa kelele ilikuwa mbovu. Lakini alikuwa na kipaji kimoja kilichotufanya tujivune. Tulipocheza Ukuti Ukuti koridoni na watoto wa majirani, tukashikana mikono na kuzunguka mpaka kila mmoja anapepesuka na kukaa chini, Shija peke yake hakuonyesha dalili yoyote. Tulimkalisha kwenye kiti cha ofisi cha Mama chenye magurudumu, tukamzungusha mara ishirini. Alishuka akaomba maji. Tulipokwenda Zanzibar likizo, boti nzima ilitapika na Mama akiwemo. Shija alikula chipsi. Tulimwita bingwa.

Kulikuwa na kaka mmoja Mtanzania aliyesoma udaktari Guangzhou. Tulimwita Kaka Dokta ingawa bado alikuwa mwanafunzi. Siku moja ya mwezi Mei alikuja nyumbani, akaamkia, akakaa, akanywa chai, kisha akasema, "Mama Kulwa, naomba uniazime wanao."

Profesa wake alikuwa anatafuta watoto wazima. Mama alishangaa. Hospitali kwa kawaida hutafuta wagonjwa, sasa wazima wa nini? Kaka Dokta alieleza vizuri, na tangu siku ile hatujasikia maelezo yaliyo bora zaidi. Alisema, "Mama, wewe unajua begi bovu kwa sababu umeshika mabegi mazuri elfu. Daktari naye hawezi kusema mtoto huyu anayumba kupita kiasi kama hajui watoto wazima wa umri wake wanayumba kiasi gani." Akaongeza kwamba vipimo vingi vya mizani ya mwili vilibuniwa kwa watu wazima, na mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Shingo yake ni fupi na msuli wake mwembamba. Tundu la sikio lake ni dogo, kwa hiyo sauti ileile humfikia kwa nguvu zaidi na lazima mpimaji aipunguze. Miwani ya kupimia humteleza puani. Tena mtoto huchoka, hucheka, hulia, huuliza kama imekwisha. Ndiyo maana lazima wapimwe watoto wazima wengi, wa kila umri, mpaka ijulikane uzima wenyewe unafananaje.

Mama alikubali. Karatasi za ridhaa Kaka Dokta alimsomea zote kwa Kiswahili. Tukaenda sote: sisi wawili, na Shija kama mtoto mzima wa tatu.

Chumba chenyewe kilikuwa kimebandikwa picha za wanyama ukutani. Mpimaji alikuwa mama mpole, tukamwita ayi, kama watoto wa kule wanavyowaita wanawake wa rika la mama zao. Alitueleza kwamba ndani kabisa ya sikio, ng'ambo ya ngoma ya sikio, kuna kitu kama konokono, na hicho ndicho kinachosikia. Kando ya konokono kuna mifereji mitatu iliyopinda kama pete zilizokatwa, kila mmoja umeelekea upande wake, na ndani yake mna maji. Ukigeuza kichwa, maji yanachelewa kidogo, na kule kuchelewa ndiko kunakouambia ubongo kwamba umegeuka. Pia kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno za kalsiamu kabonati, yaani kitu kilekile tunachokikuta kwenye chokaa. Chembe hizo ni nzito kuliko majimaji yaliyozizunguka, kwa hiyo zinajua chini ni wapi.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha miwani. Ilikuwa na kamera ndogo na mkanda uliobana kichwa. Ayi alituambia tumkazie macho panda aliyebandikwa ukutani, akasimama nyuma yetu, akashika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza ghafla, kidogo tu. Kulia. Kushoto. Hatujui lini. Jicho la mtu mzima wa afya halimwachi panda, kwa sababu sikio limeshaliambia kwamba kichwa kimekwenda kulia, nalo likaenda kushoto kwa kasi ileile. Habari hiyo husafiri katika muda wa milisekunde 10 hivi, haraka kuliko kupepesa jicho. Jaribuni sasa hivi: shikeni gazeti hili, someni sentensi hii huku mkitikisa kichwa. Maneno yanasomeka. Sasa tulizeni kichwa na mtikise gazeti kwa kasi ileile. Hayasomeki. Tofauti hiyo ni kazi ya masikio.

Kipimo cha pili kilikuwa vibandiko vyenye waya shingoni, na sauti ya "tok, tok, tok" sikioni huku umegeuza shingo ili msuli ukaze. Kwa mtu mzima wa afya, kila "tok" hulegeza msuli kwa muda mfupi ambao mwenyewe hausikii, ila mashine inauona. Cha tatu kilikuwa kusimama. Kwanza sakafuni macho wazi, kisha sakafuni macho yamefungwa, kisha juu ya sponji nene macho wazi, mwisho juu ya sponji macho yamefungwa. Kaka Dokta alitufafanulia kwamba mwili husimama juu ya mafiga matatu: macho, miguu na masikio. Ukifumba macho umeondoa figa moja. Ukikanyaga sponji, nyayo hazijui tena sakafu iko wapi, umeondoa la pili. Linabaki sikio peke yake.

Cha mwisho kilikuwa kiti cha kuzunguka gizani. Watoto wakubwa walikaa peke yao, wadogo walipakatwa na mama zao. Kamera inayoona gizani ilitazama macho. Mtu mzima wa afya akizungushwa, macho yake huteleza polepole na kurudi kwa kuruka, tena na tena, na kiti kikisimama yeye huhisi anazunguka kinyume. Tulitoka pale tumeshikilia ukuta. Ayi alifurahi sana. Alisema kizunguzungu chetu ni kizuri.

Hatukuwahi kusikia kizunguzungu kikisifiwa. Tukamwambia kwa majivuno, "Subiri umwone mdogo wetu. Yeye hapati kabisa!"

Ayi aliacha kuandika.

Kaka Dokta wakati huo alikuwa ameitwa wodini. Shija alivishwa miwani, na panda alipotazamwa, macho yake yalifanya jambo ambalo hata sisi tuliliona kwenye skrini. Kichwa kilipogeuzwa yalikwenda nacho, kama yamegandishwa, kisha yakaruka kurudi kwa panda. Ayi alirekebisha mkanda, akarudia. Akazima mashine, akaiwasha, akarudia. Kwenye sponji, macho yakiwa wazi, Shija alisimama. Alipofumba macho alikwenda chini kama mti uliokatwa, wala hakunyoosha mikono, na ayi alimdaka. Akiwa kwenye kiti, amepakatwa na Mama gizani, macho yake yalitulia tu. Yalikuwa macho ya mtoto anayengoja chipsi.

Alikuja daktari mkubwa. Akamjaribu Shija kusikia: anasikia vizuri kabisa. Kisha akachuchumaa mbele yetu, kwa sababu aliona Mama anatutazama sisi, akasema polepole. Tunakumbuka alichosema, kwa kuwa Kichina tulikijua vizuri. Alisema usikivu wa mdogo wenu ni mzuri, lakini qianting yake haijibu, pande zote mbili. Huenda ni uchovu, huenda ni mashine, lazima tupime tena. Mpaka hapo asiachwe peke yake gizani, wala asiingie majini. Akaandika tarehe kwenye karatasi: 1 Juni.

Mama akauliza, "Anasemaje?"

Sasa tusimulie kwa uaminifu. Neno qianting hatukulijua kwa Kiswahili. Tulijua herufi zake mbili, moja ni "mbele" na ya pili ni "ua wa nyumba". Ua wa mbele wa mdogo wetu haujibu? Tungesema hivyo Mama angetucheka, au angeogopa, na hatukujua lipi ni baya zaidi. Hilo lingetosha kuwa udhuru, kama lingekuwa peke yake. Lakini 1 Juni ni Siku ya Watoto China. Shuleni kulikuwa na tamasha, tulikuwa tumefanya mazoezi ya ngoma wiki sita, na Mama alikuwa ameahidi kuja. Akimpeleka Shija hospitali hatakuja.

Tukasema, "Anasema Shija amechoka. Wengine wote wazima."

"Na karatasi?"

"Ni ya kushukuru."

Mama alimshukuru daktari kwa Kichina chake cha sokoni, akainamisha kichwa. Daktari naye akainamisha kichwa. Kila mmoja aliondoka akiamini ameelewana na mwenzake. Tarehe 1 Juni Mama alikuja kwenye tamasha, akakaa mstari wa mbele, akatupiga picha.

Kaka Dokta alikuwa ameshapelekwa mji mwingine kwa mafunzo ya wodini. Simu ilipigwa mara mbili kutoka hospitali. Mara zote mbili tuliipokea sisi.

Mwezi Agosti Guangzhou ni kama ndani ya sufuria lililofunikwa. Jirani mmoja alitupeleka sote kuogelea. Shija alikuwa upande wa watoto, maji yanamfika kifuani, amevaa boya la mpira. Boya likamtoka. Tulikuwa karibu kuliko mtu yeyote, na tulimwona akizama, tukacheka, kwa sababu ilitosha asimame tu. Hakusimama. Alikuwa amefumba macho, kama mtoto yeyote aliyeingiwa na maji, na chini ya maji miguu haina sakafu ya kukanyaga. Tuliona mikono yake ikitafuta, inakwenda chini, inasukuma vigae vya sakafu kama vile hewa iko upande ule. Mzee mmoja wa Kichina aliruka na nguo zake akamtoa. Shija alitapika maji, akalia. Alikuwa hai. Yote hayo hayakuzidi muda wa kusoma aya hii.

Kaka Dokta alirudi Guangzhou wiki hiyohiyo, akaja kutujulia hali. Mama alimsimulia. Akaweka kikombe chini, akauliza kwa upole, "Mama Kulwa, si walikwambia asiingie majini?"

Mama hakumjibu. Alitugeukia sisi. Hatukuweza kumtazama. Tulisema yote, tunapokezana, mpaka tamasha, mpaka zile simu. Tulingoja kupigwa. Kusema kweli tulitamani atupige. Aliketi kimya muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo tumeyabeba mpaka chuo kikuu: "Neno msilolijua, semeni hamlijui. Nami nitauliza kwa mikono." Akaingia chumbani. Usiku ule alilala na Shija, na taa ikiwaka.

Kipimo kilirudiwa, safari hii Kaka Dokta akiwa mkalimani. Matokeo yalikuwa yaleyale. Mifereji ya masikio yote mawili ilikuwa dhaifu mno. Daktari aliuliza kama Shija aliwahi kuugua sana akiwa mchanga. Mama alisema ndiyo. Alizaliwa Tanzania, akapata maambukizi ya damu wiki ya kwanza, akachomwa sindano siku nyingi. Dawa gani? Mama alikumbuka jina, kwa sababu alilinunua mwenyewe dukani kila asubuhi: gentamaisini. Daktari alisema huenda ndiyo, hakuna wa kuapa. Dawa za jamii hiyo, pamoja na streptomisini, huokoa maisha, na kwa baadhi ya watu huua vinywele vidogo vya sikio la ndani, ambavyo kwa binadamu havioti tena. Wengine hupoteza usikivu, wengine mizani, wengine vyote viwili.

Ili Mama aelewe, Kaka Dokta alimkumbusha ngoma ambayo kila mwenye televisheni China anaijua: wachezaji 21 viziwi waliosimama mstari mmoja, mikono ikichanua kama ya mtu mmoja, katika sherehe ya Mwaka Mpya wa Kichina ya 2005. Aliyeongoza mstari, Tai Lihua, alipoteza usikivu akiwa na miaka miwili, baada ya homa na sindano za streptomisini. Kwa yule dawa ilimpiga konokono. Kwa Shija ilimpita konokono ikapiga jirani yake. Ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Mtoto anasikia, anaongea, anacheka. Nani ampime sikio?

Tulipotoka nje Kaka Dokta alitaka kumliwaza Mama kuhusu zile sindano. Mama akamkatiza. "Baba, nisingezinunua ningemzika. Bora ayumbe." Katika Kiswahili tunasema sikio la kufa halisikii dawa. Siku ile tulijifunza kwamba dawa nayo inaweza kuua sikio huku inamponya mwenye nalo, na mama anaweza kujua yote mawili asijute.

Hakuna dawa ya kurudisha kilichokufa, lakini kuna mazoezi. Kwa miezi mingi, kila jioni, baada ya Mama kufunga hesabu, Shija alisimama juu ya mto wa kochi akarusha mpira. Alitembea juu ya mstari wa utepe wa kufungia maboksi tulioubandika koridoni. Alikazia macho picha ukutani huku akitikisa kichwa. Sisi ndio tulikuwa walimu wake, na Mama hakulazimika kutukumbusha hata mara moja. Ubongo wa mtoto unafundishika. Unajifunza kuegemea mafiga mawili yaliyobaki.

Shija sasa ana miaka kumi na tano. Anacheza mpira mchana na ni beki mzuri. Usiku anatembea na tochi. Haogelei. Akiwa anatembea hawezi kusoma vibao, kwa hiyo kituo cha metro cha Sanyuanli, katikati ya watu wanaokimbilia treni, husimama ghafla, akasoma, kisha akaendelea, na watu humgonga kwa nyuma. Mmoja wetu, ambaye sasa anasoma sayansi ya usikivu, alikuta kwamba mwaka 1952 daktari mmoja aliyepoteza mizani yake kwa streptomisini aliandika katika jarida la kitabibu la Marekani kuhusu jambo hilihili: akitembea mtaani nyuso za watu zilimchezea, na ilimbidi asimame ili atambue anamtazama nani. Tulimtumia Shija habari hiyo. Akajibu, "Kumbe na madaktari hugongwa."

Tumeandika haya kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwa walio na wadogo, wapwa, au watakaokuwa walimu wa chekechea. Watoto wazima hupimwa uzito, hupimwa urefu, huchanjwa. Mizani yao mara nyingi haiulizwi. Mashine tulizozieleza ziko sehemu chache, lakini maswali hayahitaji mashine. Watoto wengi wazima hutembea wenyewe kabla ya kutimiza miezi 18. Je, huyu alichelewa kukaza shingo na kusimama dede? Je, huanguka zaidi gizani au mchangani kuliko mchana sakafuni? Je, akizungushwa hapati kizunguzungu kamwe? Swali moja likijibiwa "ndiyo" si ugonjwa. Bibi alikuwa na haki, wapo watoto wanaochelewa tu. Lakini majibu yakilingana, inafaa mtaalamu atazame, hata kama mtoto anasikia vizuri.

Ya pili ni kuhusu klabu hii. Tulijiunga tukidhani tunakuja kusafisha sarufi. Muhula uliopita, katika zoezi la istilahi, tulipewa nafasi ya kuchagua uwanja, tukachagua sikio la ndani. Konokono alipatikana mara moja. Mifereji ikapatikana. Tukakwama palepale tulipokwama tukiwa na miaka tisa. Tukachimba. Kumbe Wachina hawakubuni ule "ua wa mbele" wenyewe. Neno la Kilatini ambalo madaktari wa Ulaya wanalitumia, vestibulum, nalo maana yake ni mahali pa kuingilia nyumba, kabla hujafika ndani. Tukakumbuka nyumba za Mwambao. Mahali pale pa mbele, mgeni anapoketi kabla ya kukaribishwa ndani, pana jina. Tulimpigia Mama simu.

Tukamwambia, "Mama, lile neno la daktari. Tunadhani ni baraza. Baraza ya sikio."

"Baraza ipi, ya kukalia au la mawaziri?"

"Ya kukalia."

Alikaa kimya kidogo. Nyuma yake tulisikia gundi ya maboksi ikivutwa, na Shija akihesabu mabegi kwa Kichina. Kisha akasema, "Kwa hiyo alisema baraza ya mwanangu haina mtu."

"Ndiyo, Mama. Ndivyo alivyosema."

"Hilo ningelielewa," akasema.

Hakusema zaidi. Tulitaka kuomba msamaha tena, akatuambia salio linakwisha na mzigo unaondoka kesho. Hatujui kama walimu wetu wataikubali istilahi yetu, na kama wana iliyo bora tutaipokea. Tunaomba tu kwamba kila mwanachama ambaye amewahi kumsemea mzazi wake hospitalini alete neno moja lililomshinda siku ile. Tuliweke mezani siku ya mkutano, tulitafutie Kiswahili. Sisi tumeshaleta la kwetu.